Redio Haikuja na Gari: Miaka Yangu ya Bima Pemba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza wala kalamu. Meneja wa Tawi, mtu wa Unguja mwenye sauti ya chini na shati lililopigwa pasi likakauka kama ubao, alinipokea juu ya ngazi za ofisi yetu ya Chake Chake. Aliitikia salamu yangu, akaniuliza hali za wazee wangu, kisha akaninyooshea kidole dirishani. Chini, kando ya barabara, ilikuwa imeegeshwa gari ndogo ya rangi ya maziwa.

"Bi Hidaya," akasema, "nenda kaitazame ile gari. Ukimaliza njoo unambie umeona nini."

Nilishuka, nikaizunguka mara mbili huku nimelikusanya baibui langu lisiguse vumbi. Nilipopanda nilimtajia rangi, namba, matairi mawili yaliyolika na mkwaruzo wa mlango wa nyuma. Nilijiona nimefaulu.

"Na redio?"

"Ipo," nikasema.

"Ipo, lakini haikuja na gari. Pale mbele pamekatwa kwa msumeno ili iingie. Na nyuma ya kiti kuna sanduku la spika ambalo fundi amelitengeneza kwa mbao. Wewe umeniletea habari za tairi."

Hakusema kwa ukali. Aliniagizia chai, akanionesha pa kukaa, na asubuhi ile ile nikaanza kujifunza kazi iliyonilisha mpaka nywele zikaota mvi chini ya mtandio.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia katika kazi hii sasa, mnaopiga picha kwa simu na kuzituma kabla hamjatoka nje ya uwanja wa mteja. Ni vizuri. Lakini iko sehemu ya kazi ambayo simu haiwezi kuifanya, na mimi niliijua kwa njia ngumu.

Enzi zangu, kama ilivyo leo, mwenye gari alichagua baina ya bima mbili. Bima ndogo ni ile ya lazima, inayowalinda watu utakaowagonga. Gari yako ikiibiwa, shauri lako. Bima kubwa huilinda na gari yenyewe kwa ajali, moto na wizi. Hata hivyo bima kubwa nayo ina mpaka wake, na wateja wengi hawaujui. Inailinda gari kama ilivyotoka kiwandani. Kilichoongezwa baadaye tulikiita kifaa cha nyongeza, na kifaa cha nyongeza hakilindwi mpaka kitajwe kwa jina na thamani kwenye karatasi ya ziada inayounganishwa na hati ya bima. Karatasi hiyo ndiyo kiambatisho. Bila ya kiambatisho, spika yako mbele ya kampuni ni kama haipo, hata kama mtaa mzima unakosa usingizi kwa ajili yake.

Na Pemba vifaa vya nyongeza vilikuwa vingi kuliko mgeni anavyodhani. Gari zetu nyingi zilikuja zimekwishatumika Japani, na redio zake hazikamati stesheni zetu nyingi, kwa kuwa mawimbi yake yanaishia chini ya yetu. Kwa hiyo mtu akishusha gari bandarini, safari ya kwanza ni kwa fundi kubadilisha redio. Akishabadilisha redio, spika za kiwandani anaziona hazisemi kitu. Akitia spika mpya anataka amplifaya ya kuzipa nguvu. Akipata amplifaya, haridhiki mpaka atie na sabufa, ile spika ya mvumo mzito inayotikisa vioo. Mwisho wake gari ya kawaida kabisa inabeba nyuma ya viti mali ambayo mwizi anaweza kuichukua kwa dakika kumi na kuiuza popote.

Meneja alinifundisha kuusoma wizi. "Mwizi hukata," alikuwa akisema, "mwenye mali hufungua skrubu." Alitaka nitazame ncha za waya. Zikiwa zimechanika na nyingine fupi nyingine ndefu, aliyekata alikuwa na haraka. Zikiwa zimefungwa utepe mweusi vizuri ili zisigusane, aliyezifunga anajali gari isiungue, na mwizi hajali hilo. Alinifundisha pia vigae vya kioo. Kioo kikivunjwa kutoka nje, vigae vingi huangukia ndani, juu ya kiti. Wanaume walinicheka nilipokuwa nikipiga magoti na tochi yangu chini ya dashibodi, baibui na yote. Baada ya mwaka mmoja waliacha kucheka, wakaanza kuniita "Bi Waya". Sikulipenda jina hilo, lakini nililizoea.

Kulikuwa na kazi nyingine ngumu zaidi, nayo ni kuwaeleza watu bima ni nini. Wazee wengi waliitilia shaka kwa upande wa dini. Shehe mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza mbele ya watu kama mshahara wangu unatokana na kamari. Niliporudi ofisini nimenuna, Meneja aliniambia, "Mwenye shaka ya dini usishindane naye. Mweleze unachouza, usimpambie, halafu mwache akaulize anakotaka." Siku hizi kuna takafuli, mfuko wa kuchangiana, na mambo yamekuwa mepesi. Wakati ule, mtu akija kukata bima kubwa ilikuwa amekwishapita kwa mashehe wawili watatu. Alikuja ameamua, na alikuja na imani yake yote kwetu.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Mzee Faki.

Nilikuwa nimekwisha kuhamishiwa Wete, katika ofisi yetu ndogo ya chumba kimoja. Cheo changu kilikuwa Afisa wa Kituo, lakini kituo kizima kilikuwa mimi peke yangu: kompyuta moja, mashine ya kuchapa iliyopenda kuishiwa wino, kabati la mafaili, na muhuri. Mzee Faki alitoka Gando. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kama mliwahi kuishi kaskazini ya Pemba miaka ile basi sauti yake mnaijua hata kama uso wake hamuujui. Alikuwa na gari dogo la mizigo lenye spika mbili za honi juu ya paa, na kazi yake ilikuwa matangazo. Mkutano wa shehia, chanjo ya watoto, mechi ya mpira, mnada, mtoto aliyepotea: watu walimwita Mzee Faki, naye akapita kijiji kwa kijiji akisema. Siku za harusi alitia sabufa nyuma na kupiga taarabu.

Alikuja ofisini siku za mwisho za Ramadhani, mchana, midomo imemkauka. Nilipomaliza kuandika habari za gari, alinyanyua mkono kunizuia.

"Gari ni punda tu, Bi Hidaya. Likiibiwa, miye ntaazima jengine. Hizi spika ndiyo jembe langu. Zikenda hizi, miye sina kazi."

Alinitajia vifaa vyake kimoja kimoja: amplifaya mbili, spika za honi mbili, sabufa, maikrofoni, redio, na betri ya pili ya kuviendesha. Niliviandika vyote kwa penseli katika daftari langu. Mashine ilikuwa imeishiwa wino na wino mpya ungetoka Chake baada ya sikukuu. Nilimwomba atie saini kabisa kwenye karatasi tupu ya kiambatisho ili asirudi tena kwa ajili ya hilo tu, na nyongeza ya ada ya bima kwa vifaa hivyo tukaafikiana ataimaliza kwenye awamu ya pili ya malipo.

"Kwa hivyo vino sasa nimeshakingwa?" akauliza.

"Umeshakingwa, Mzee Faki. Yaliyobaki ni maandishi tu, nitayamaliza mwenyewe."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Sikukuu ikaja, na siku ya pili ya Idi mama yangu akaanguka bafuni akavunjika nyonga. Nikawa nakwenda hospitali kabla ya kazi na baada ya kazi. Wino ulikuja. Nilichapa hati za watu wengine waliokuwa wanakuja kuulizia zao. Mzee Faki hakuja kuulizia, kwa sababu nilimwambia yaliyobaki nitayamaliza mwenyewe. Karatasi yake tupu yenye saini ilibaki kwenye mtoto wa meza, chini ya bahasha.

Mwezi wa Mfunguo Tatu, yaani wa tatu baada ya Ramadhani, shangazi yake Mzee Faki alifariki Kojani. Kojani ni kisiwa, hakuna njia ila chombo, kwa hivyo aliiacha gari pwani pa kuvukia, akaifunga milango, akenda kuzika. Aliporudi baada ya alasiri alikuta kioo kimevunjwa na vyuma vya kushikia spika paani havina kitu. Walichukua mpaka betri ya pili. Aliripoti polisi, na siku ya pili asubuhi akanifikia mimi na karatasi ya polisi mkononi, bado amevaa kanzu ya mazikoni.

Nilitoka nje kukagua. Vigae vilikuwa vimejaa kwenye kiti. Waya zilikuwa zimenyofolewa, nyingine zimekatwa kwa kitu butu. Ulikuwa wizi usiokuwa na shaka, na nilimwambia hivyo. Nikaingia ndani kufungua faili lake ili nianze kuandika dai, na hapo nikaliona kosa langu. Hati ya gari ipo. Kiambatisho hakipo.

Nililigeuza faili zima tena, karatasi kwa karatasi. Mzee Faki alikuwa amekaa mbele yangu, ameweka kofia juu ya goti.

"Kuna jambo?" akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Nenda kapumzike, Mzee Faki. Pole kwa msiba. Nitakuita."

Alipoondoka niliitoa ile karatasi kwenye mtoto wa meza. Saini yake ilikuwa ya kweli. Vifaa nilikuwa navyo kwenye daftari. Na kwenye rejista ya viambatisho, kitabu tunachoandika namba za karatasi hizo kwa mpangilio, palikuwa na mstari mtupu katika mwezi wa Ramadhani ambao niliuruka kwa bahati mbaya. Kila kitu kilikuwa kama kimetayarishwa. Nilikaa mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Niliposali nilirudi, nikachapa orodha, nikatia tarehe ya Ramadhani, nikaujaza ule mstari mtupu, nikapiga muhuri. Sikumzulia Mzee Faki hata kifaa kimoja kwenye karatasi ile. Kila kifaa alikuwa nacho. Uongo ulikuwa katika tarehe tu. Nilijiambia hivyo njia nzima asubuhi ya pili yake, nilipokuwa naelekea Chake Chake na faili mapajani.

Meneja wa Tawi alilisoma faili polepole, kama kawaida yake, kidole kikifuata mistari. Alisoma ripoti yangu ya waya na vigae. Alisoma kiambatisho. Kisha akatabasamu, jambo ambalo hakuwa akilifanya sana.

"Kazi safi, Bi Hidaya. Wangapi wangekumbuka kuandika betri ya pili? Hili linakwenda Unguja leo, na mzee wa watu atalipwa kabla mwezi haujaandama."

Akatoa kalamu mfukoni kutia saini yake chini ya yangu. Angeniuliza, nadhani ningejitetea. Angenishuku, ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Lakini alinisifu, na mkono wake ulikuwa unakwenda kuweka jina lake juu ya kitu nilichokitengeneza mimi jana.

"Naomba uirudishe karatasi hiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kiambatisho nimekichapa jana."

Aliiweka kalamu mezani. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Funga mlango, ukae," akasema.

Nilimweleza yote: wino, mama, mtoto wa meza, mstari mtupu. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilijua anaifikiria sheria, kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza.

"Karatasi hii haichanwi," akasema mwisho. "Itaingia kwenye faili, lakini faili lako wewe, si la Mzee Faki. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Sasa tazama. Yeye alikwambia vifaa vyake kabla ya kuibiwa?"

"Aliniambia. Niliviandika."

"Wewe ulikuwa nani pale, Hidaya wa nyumbani kwenu au afisa wa kampuni?"

"Afisa wa kampuni."

"Basi alichokijua afisa, kampuni imekijua. Hiyo ndiyo hoja. Ni ndefu, ni ngumu, na itakuumiza, lakini ni ya kweli. Utakwenda Unguja kuisema mwenyewe."

Mkuu wa Madai, yule anayeamua madai makubwa makao makuu, alikuwa mama wa Kikristo kutoka Bara, mkavu, mwenye kusoma kila karatasi mara mbili. Tulikuwa tukimwogopa. Alinisikiliza bila ya kunikaribisha maji. Kisha akalifungua daftari langu pale penye maandishi ya penseli.

"Penseli," akasema. "Kiambatisho ulikichapa baada ya wizi, leo unaniletea penseli. Nitajuaje kuwa hili nalo hukuliandika baada ya wizi?"

Alilifunga daftari, akalisukuma upande wangu.

"Mimi sikatai hoja yako," akaendelea. "Afisa akijua, tumejua. Lakini nithibitishie kwanza kuwa vifaa vilikuwepo. Risiti ziko wapi?"

"Alivinunua kimoja kimoja, vingine kwa mkono wa pili. Hana risiti. Fundi aliyemfungia amehamia Oman."

"Basi niletee mtu mwingine. Spika si pete ya dhahabu kwamba zilifichwa sandukuni. Kama zilikuwepo, kuna mtu alizisikia."

Hiyo ndiyo amri niliyorudi nayo Pemba. Nimefanya kazi miaka mingi, sijapata kukusanya ushahidi wa namna ile tena. Kwa wiki tatu, kila nikimaliza kazi za ofisi, nilikuwa nakwenda vijijini kuuliza watu walisikia nini.

Micheweni nilimkuta Bi Kombo, mkulima wa mwani, anatandaza mwani wake kwenye mkeka ukauke. Nilimweleza shida yangu. Aliendelea kutandaza huku anasema.

"Siku ile ya matone ya chanjo ya watoto, miye niko kule chini, maji yamekupwa, hata kijiji sikioni. Nkasikia sauti ya Faki: leo ndiyo mwisho, leo ndiyo mwisho. Nkaacha kila kitu nkapanda na mwanangu mgongoni. Tulikuwa wa mwisho. Ngeikosa."

"Ulizisikia kutoka pwani yote ile?"

"Weye ulidhani ni redio ya mfukoni?"

Hakujua kuandika. Niliyaandika maneno yake, nikamsomea, akatia dole gumba. Kisha akaniuliza, "Karatasi hii itamsaidia?" Nikamwambia sijui. Akasema mradi yeye amesema kweli.

Nilipata barua ya afisa wa afya na maneno ya bibi harusi mmoja na mama yake. Lakini ushahidi mkubwa ulinijia kutoka mahali nisipopategemea. Pale Gando palikuwa na mwalimu kutoka Bara, Mwalimu Yohana, mtu mpole aliyekuwa akifundisha hesabu. Nilipomtajia Mzee Faki, alitazama chini.

"Mimi nina aibu kidogo na mzee huyu," akasema. "Mwaka jana nilimshitaki kwa sheha, kwa barua. Alikuwa akipita na matangazo wakati wa mitihani. Kwenye barua nilivitaja vyombo vyake vyote, nilitaka sheha aone ukubwa wa kelele."

Tulikwenda pamoja kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Barua ilikuwepo, imetobolewa na kufungwa kwenye jalada, ina tarehe na muhuri wa shehia: spika mbili za honi juu ya paa, amplifaya mbili, na "sanduku kubwa la mvumo" nyuma. Ilikuwa imeandikwa miezi mingi kabla Mzee Faki hajafika ofisini kwangu. Mwalimu Yohana aliniombea nakala mwenyewe. Tulipokuwa tunatoka aliniambia, "Mwambie mzee simchukii. Zilikuwa siku za mitihani tu."

Wakati wote huo Mzee Faki alikuwa akitembea kwa miguu, kwani bila ya vifaa gari halikumrudishia hata pesa ya mafuta. Nilikuwa nimekwenda kwake na kumwambia ukweli wa upande mmoja: kwamba nilisahau kuandika, kwamba kosa ni langu, kwamba napigania. "Miye nilikwamini," akasema. Aliazima kipaza sauti cha mkononi cha betri, akawa anapita nacho kwenye njia za Gando na Wete. Vijiji vya mbali hakuvifika tena. Sauti yake ikawa inakwaruza. Nilipomsikia mara moja anapita mbele ya ofisi yangu, niliinama mezani mpaka akapita.

Miezi mitano baada ya wizi, Mkuu wa Madai alinipigia simu mwenyewe.

"Nimesoma mashahidi wako," akasema. "Dai hili lina mashahidi wengi kuliko ndoa." Nikamsikia akigeuza karatasi. "Barua ya yule mwalimu ndiyo iliyonimaliza. Mtu hawezi kumshitaki mwenziwe kwa kelele za vitu asivyokuwa navyo. Tutamlipa, tukitoa uchakavu."

Uchakavu ni ile thamani inayopungua kitu kikitumika. Kwa vifaa vya Mzee Faki, vilivyokuwa na umri, haukuwa mdogo. Malipo aliyopewa yalimtosha kununua amplifaya moja na spika za honi za mkono wa pili. Sabufa ya harusi hakuirudisha tena. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa Wete na kurudishwa Chake Chake kupokea fomu dirishani chini ya uangalizi, na kwa miaka kadhaa majina ya kupandishwa cheo yalipita bila ya langu. Sikulalamika. Meneja hakunitaja kwa ubaya mbele ya mtu yeyote mpaka alipostaafu na kurudi kwao.

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu ambao wenzangu waliuona wa kichekesho. Mteja akiwa na vifaa vya nyongeza, tunaingia sote wawili ndani ya gari na kuwasha kila kimoja. Ninaandika kwa wino. Ninamsomea kwa sauti. Haondoki mpaka karatasi yake iko mkononi mwake, na kama wino wa mashine umekwisha naandika kwa mkono na kupiga muhuri. Nilipokuja kufanywa Msimamizi wa Madai wa Pemba niliwalazimisha wote wa chini yangu wafanye hivyo. Siku hizi vitu vimebadilika. Vijana wanatia vioo vikubwa kama televisheni mahali pa redio, na sabufa zimekuwa nyembamba zinakaa chini ya kiti. Utaratibu ni ule ule. Washa, andika, soma, mpe.

Nilistaafu mwaka juzi. Waliniandalia chakula, wakasema maneno mazuri, na msichana mmoja wa ofisini aliniambia kuwa mimi ndiye mtu mkweli kuliko wote aliofanya nao kazi. Niliiweka sahani chini. Wiki ile ile nilikwenda Gando.

Mzee Faki alikuwa amezeeka, sauti imebaki mnong'ono, gari na kazi amemwachia bintiye. Alinitilia kahawa mwenyewe. Nilimwambia nimekuja kumweleza jambo ambalo sikumweleza wakati ule. Nikamwambia juu ya karatasi tupu aliyotia saini, kwamba niliijaza, nikaipeleka Chake, ikabaki kalamu ya Meneja tu.

"Ingepita?" akauliza.

"Ingepita."

"Ningelipwa lini?"

"Kabla mwezi haujaandama. Na sabufa ungelipwa."

Alikizungusha kikombe chake mkononi. Nje bintiye alikuwa anafuta spika kwa kitambaa.

"Miezi ile mitano," akasema taratibu, "mke wangu aliuza mbuzi wake wote. Alikuwa akiwapenda. Alikufa hakupata wengine."

"Naomba radhi, Mzee Faki."

"Huna kosa kwa kusema kweli, Bi Hidaya. Ungelikuja ukaniuliza, miye ningelikwambia vivyo hivyo, usiandike uongo. Mungu ni shahidi, ndilo ningelikwambia." Alinitazama usoni. "Lakini jambo lilikuwa langu. Ningelipenda kuulizwa."

Wenzangu waliolijua jambo lile wamekuwa wakinisifu kwa siku ile mezani kwa Meneja, na mimi mwenyewe kwa miaka niliihesabu kuwa siku yangu njema kuliko zote. Sikupata kufikiri kwamba ukweli wangu uliligharimu jiko la mtu mwingine, na kwamba mtu huyo alikuwa na haki ya kuwepo ulipoamuliwa. Nyinyi mnaotufuata njiani, mtakosea kama nilivyokosea. Hakuna aliyefanya kazi hii asikosee. Mkikosea, semeni kweli. Na kabla hamjakwenda kuisema kwa wakubwa, piteni kwanza kwa mwenye hasara, mkae naye, mumwambie.

Pale Gando nilikunywa kahawa yangu mpaka chini, na Mzee Faki akanitilia nyingine.